Kunde, selimundu na mjusi wa Tendaguru ni somo moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wenzangu wa baiolojia wa mikoa ya Lindi na Mtwara, pamoja na wazazi wanaotaka kujua watoto wao wanafundishwa nini. Bakteria, urithi na mageuko ya binadamu ni topiki tatu zinazofundishwa katika shule zetu kama ndugu waliogombana. Bakteria hupitwa haraka katika vidato vya chini, ndani ya orodha ndefu ya makundi ya viumbe. Urithi na mageuko huachwa hadi mtihani wa taifa uwe mlangoni. Mwanafunzi anakariri maumbo ya bakteria, kisha anakariri uwiano wa tatu kwa moja, mwisho anakariri majina ya mafuvu, na anamaliza shule bila kujua kwamba mambo hayo matatu yanaelezana.

Ninachopendekeza ni kuyafundisha yote matatu kwa kupitia hemoglobini, protini inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Protini hiyo moja inatufikisha kwenye jeni, kwenye bakteria wa shambani, na kwenye historia ya binadamu. Vifaa ni kunde, makopo, dadu, jembe, wembe na kamba. Hakuna cha kuagiza Dar es Salaam.

Tuanze na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, maana watu wa ukanda wetu huu wa malaria wanaujua. Sehemu ya jeni inayotoa maelekezo ya mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo inayounda hemoglobini, ina herufi 444 za DNA, kemikali inayobeba urithi. Jeni ya selimundu inatofautiana nayo kwa herufi moja tu: GAG imekuwa GTG, na katika nafasi ya 6 ya mnyororo, asidi amino (tofali la kujengea protini) iitwayo glutamiki imeondoka, ikaingia valini. Mwalimu asiziache herufi hizo zielee hewani. Aandike ubaoni "Mama anapika", afute k, aweke g. Sentensi bado ni Kiswahili safi na inasomeka bila taabu, ila kinachotokea nyumbani si kilekile. Ndivyo ilivyo kwa valini. Protini inatengenezwa na inabeba oksijeni, lakini oksijeni ikipungua molekuli zake zinashikana na kuwa nyuzi ndefu, chembe nyekundu inajikunja kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto analia maumivu ya mifupa.

Sasa makopo. Wanafunzi 40 wakae wawili wawili. Kila jozi ipewe kopo la baba na kopo la mama, na ndani ya kila kopo ziwekwe kunde nyeupe 10 na kunde nyekundu 10. Nyeupe ni A, jeni ya kawaida. Nyekundu ni S. Wazazi wote wawili ni AS, yaani hawaumwi ila wamebeba. Kila mmoja anachomoa punje moja bila kutazama, punje mbili zinakutana mezani, na huyo ndiye mtoto. Anaandikwa kwenye daftari, kila punje inarudi kwenye kopo lake, makopo yanatikiswa, anatafutwa mtoto wa pili, hadi wafike wanne.

Kuna makosa mawili yanayoharibu zoezi hili. La kwanza ni kuchanganya kunde na choroko kwa kuwa rangi zake zinapendeza. Choroko ni ndogo, vidole vinaitambua gizani, na mtoto anachagua bila kujua kwamba anachagua. Punje zote ziwe kunde za ukubwa mmoja. La pili ni kutorudisha punje. Ukitoa nyekundu moja ukaiacha mezani, kopo linabaki na nyekundu 9 na nyeupe 10, kana kwamba mzazi aliyezaa mtoto mgonjwa amepunguziwa S mwilini. Hajapunguziwa kitu. Kosa hili la pili ndilo linalofanana na imani iliyoenea mitaani, kwamba mtoto mgonjwa akishazaliwa zamu imepita, na kwa sababu hiyo mwalimu alionyeshe kwa makusudi.

Familia 20 zenye watoto wanne wanne zinatoa watoto 80. Tunategemea AA wapatao 20, AS wapatao 40 na SS, yaani wenye selimundu, wapatao 20. SS wakiwa 15 au 26 si kosa, ndivyo bahati inavyokwenda. Usiishie kwenye jumla, geukia familia moja moja. Kati ya familia 20, kama 6 hivi hazitakuwa na mtoto hata mmoja wa SS, na kama 5 hivi zitakuwa na wawili au zaidi. Wazazi walikuwa walewale AS, na kunde zilikuwa zilezile.

Hapo ndipo pa kutulia, hata kipindi kiishe. Maneno "mmoja kati ya wanne" yanasikika kwetu kama zamu: wa kwanza akiumwa, watatu wanaofuata wamepona. Wazazi wanaamua kuzaa tena kwa hesabu hiyo. Ukweli ni kwamba kila mimba inaanza upya, robo ileile, na makopo hayakumbuki. Wazazi wote wawili wakiwa AS, uwezekano wa kupata watoto wanne bila hata mmoja wa SS ni 81 kati ya 256, chini kidogo ya theluthi moja. Mwanafunzi aliyechomoa punje kwa mkono wake hawezi kudanganywa na hesabu ya zamu.

Makopo hayohayo yanafundisha ualbino. Badilisha majina tu: nyekundu iwe jeni isiyotoa rangi ya ngozi, nyeupe iwe jeni ya kawaida. Baba na mama wenye ngozi nyeusi, kila mmoja akiwa na nyekundu moja iliyofichika, wanaweza kumpata mtoto mwenye ualbino, na mchango wa baba ni sawasawa na wa mama. Mama asiye na kosa hulaumiwa, wakati mwingine hata kuachwa, kwa jambo ambalo dakika kumi za kunde zingelieleza. Somo hili lisirukwe kwa kisingizio cha muda.

Neno moja kuhusu Mendel, mtawa aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda mimea na kuhesabu mbegu. Matini nyingi za Kiswahili zinasema alipanda mbaazi. Alipanda njegere, mjini Brno, akasoma matokeo yake mwaka 1865 na kuyachapisha 1866. Kwa mtoto wa Nachingwea au Masasi tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu mbaazi anaziona kila siku na anaweza kutaka kujaribu. Ua la njegere hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka, ndiyo maana Mendel aliweza kuamini mbegu zake. Mbaazi hutembelewa na nyuki, chavua za shamba la jirani zinaingia, na hesabu yote inavurugika. Mendel mwenyewe hakupata tatu kwa moja kamili: mbegu za mviringo zilikuwa 5,474 na za kukunjamana 1,850, uwiano wa 2.96 kwa 1. Takwimu hizo ziandikwe ubaoni kabla ya kuchora mraba wowote wa kukokotoa urithi.

Sasa, kama S inaleta maradhi, kwa nini haikutoweka? Swali hili ndilo daraja la kwenda kwenye mageuko, na mara nyingi halivukwi. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Afrika Mashariki, alionyesha kwamba watu wa AS wana kinga fulani dhidi ya malaria. Kimelea cha malaria hakistawi vizuri ndani ya chembe zao. AS bado anaumwa malaria na bado anahitaji chandarua, ila hatari ya malaria kali inapungua sana kwake.

Wachezeshe hivi. Bakuli moja liwe na punje 100: nyeupe 70, nyekundu 30. Chomoa mbili mbili bila kutazama hadi wapatikane watoto 50. Kila SS awekwe pembeni. Kila AA arushiwe dadu, na ikitokea 1 awekwe pembeni, malaria imemchukua. AS wote wanabaki. Hesabu punje za waliobaki, kisha jaza bakuli upya liwe na punje 100 kwa uwiano uleule. Hicho ni kizazi kimoja. Kikundi kingine kicheze bila dadu, yaani nchi isiyo na malaria. Baada ya vizazi 10, bakuli la malaria huwa na nyekundu zinazokaribia 16, na lile lisilo na malaria kama 7 au 8. Ukiendelea, bakuli la malaria litatulia karibu na nyekundu moja kwa kila punje saba, wakati lile jingine litazidi kupungukiwa. Kikundi kimoja peke yake kinaweza kupata jibu la ajabu kwa sababu watoto 50 ni wachache, kwa hiyo wastani wa vikundi vyote ndio wa kuaminiwa. Tenga vipindi viwili mfululizo, kimoja hakitoshi.

Tahadhari. Darasani anaweza kuwepo mwanafunzi mwenye selimundu, na mara nyingi mwalimu hajui. Msitumie neno "kufa" ovyo katika mchezo huu. Elezeni kwamba bakuli linaonyesha karne nyingi kabla ya hospitali, na kwamba leo watu wenye selimundu wanasoma, wanafanya kazi na kulea familia, wakisaidiwa na dawa kama haidroksiyurea na matibabu ya mapema.

Bakteria nao tuwatafute shambani. Watu hupenda kuwaotesha kwenye vipande vya viazi ndani ya chupa. Mimi siupendi sana utaratibu huo kwa maabara zetu. Kuchemsha chupa kwenye sufuria ya kawaida hakuui mbegu sugu za bakteria, hivyo hata chupa isiyoguswa na mtu huchafuka na wanafunzi hawana cha kulinganisha. Kuua mbegu hizo kunataka sufuria ya presha, nyuzi 121 kwa dakika 15. Isitoshe, hujui umeotesha nini. Anayelazimika kufanya hivyo asifungue chupa tena baada ya kuifunga, na akimaliza azichemshe kwenye presha zikiwa bado zimefungwa, vifuniko vikiwa vimelegezwa kidogo tu, kabla ya kutupa.

Mizizi ya kunde ni salama na inaonyesha zaidi. Chagua mche wenye wiki tano au sita, unaokaribia kutoa maua. Mwagia maji udongo, kisha chimba kwa jembe kuuzunguka mche, kina cha sentimita 20. Usiung'oe kwa kuuvuta, vinundu, yaani vivimbe vidogo wanamoishi bakteria, vitabaki ardhini na darasa litaona mizizi mitupu. Osha taratibu kwenye beseni. Utaona vinundu vya ukubwa wa punje ya mtama au zaidi, vimeshikamana na mzizi ubavuni. Kabla ya kufurahi, jaribu kukibandua kimoja kwa ukucha. Kikibanduka kwa urahisi ni kinundu cha bakteria. Kama ni mzizi wenyewe uliovimba na haubanduki, hao ni minyoo fundo, adui wa mkulima.

Kata kinundu katikati kwa wembe na ukitazame mara moja, kabla hakijakauka. Ndani kikiwa chekundu au cha waridi, bakteria wako kazini, wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kikiwa cheupe bado kichanga au hakifanyi kazi. Kikiwa cha kijani kimezeeka. Na wekundu ule ni wa hemoglobini, ya jamii moja na iliyomo katika mshipa wa mwanafunzi aliyeshika wembe. Mmea wa kunde una jeni zake za kuitengeneza. Kimeng'enya cha bakteria, yaani protini inayofanya kazi ya kugeuza naitrojeni, huharibiwa na oksijeni huru, kwa hiyo hemoglobini ya kunde inaishika oksijeni na kuigawa kidogo kidogo, bakteria wapumue bila kimeng'enya kuharibika. Kufanana kwa protini hizi mbili kunatokana na asili moja ya zamani mno, kabla mimea na wanyama hawajaachana njia, zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Sijui onyesho la mageuko lililo rahisi kuliko mzizi huo uliokatwa, na linapatikana nyuma ya darasa.

Kuhusu dawa za bakteria nitasema kwa kifupi, kwa kuwa aliyecheza mchezo wa bakuli ameshaelewa. Watu husema "mwili umezoea dawa". Mwili haujazoea chochote, na wala bakteria hajajifunza. Bakteria anayegawanyika kila dakika 20 huwa 16,777,216 kwa saa nane, na katika wingi huo hutokea wachache ambao herufi zao zimebadilika kiasi cha kuihimili dawa. Mgonjwa akigawana vidonge vya rangi mbili na jirani, kipimo kinakuwa pungufu, dhaifu wanaondoka, wale wachache wanabaki peke yao na chakula chote. Zaidi ya hayo, bakteria hupeana vipande vya DNA, hata kati ya aina tofauti. Na mafua ya kawaida yanatokana na virusi, dawa hizo hazivigusi.

Nije kwenye mafuvu. Kauli ya "binadamu alitokana na nyani" inavuruga somo kabla halijaanza, na katika Kiswahili ina kosa juu ya kosa. Nyani ni huyu anayevamia mahindi yetu. Ukoo wake na wetu uliachana miaka zaidi ya milioni 25 iliyopita. Sokwe wa Gombe ndiye wa karibu, naye ni binamu, si babu. Mzee wetu wa pamoja aliishi miaka milioni 6 au 7 hivi iliyopita na hakuwa sokwe wala binadamu. Rudini kwenye hemoglobini: mnyororo wa beta una asidi amino 146, na zote 146 ni zilezile kwa binadamu na kwa sokwe. Gorila anatofautiana nasi kwa moja tu. Sokwe ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) 48, sisi 46, na kromosomu yetu namba 2 ina alama za wazi za kromosomu mbili zilizoungana.

Kwa habari ya muda, chukua kamba ya mita 150 ianzie mlangoni pa darasa, ambapo ni leo, mita moja iwe miaka milioni moja. Mwisho wake ni Tendaguru, kilima cha hapa Lindi kilichochimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ambako mifupa ya dinosaria yule tunayemwita mjusi ilibebwa hadi Berlin, alikosimama leo akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Kamba itapita goli la uwanja wa shule na kuingia barabarani. Kwenye mita 66 dinosaria wote wanatoweka, isipokuwa ukoo mmoja uliokuwa ndege. Kwa hiyo kuku wa kienyeji ni ndugu wa karibu zaidi wa huyo "mjusi" kuliko kenge. Mtoto autazame mguu wa kuku, vidole na magamba yake. Nyayo za watangulizi wetu zilizopatikana Laetoli ziko mita 3.66 kutoka mwisho wa leo. Zinjanthropus, aliyeokotwa na Mary Leakey Oldupai tarehe 17 Julai 1959, yuko mita 1.75, naye ni tawi la pembeni lililokatika, tusiwafundishe watoto kwamba ni babu yao. Binadamu wa aina yetu ni sentimita 30 za mwisho. Kilwa aliyoiona Ibn Battuta mwaka 1331 ni unene wa laini ya simu. Bakteria wa kale wanaojulikana hawamo kwenye kamba kabisa: wangekuwa kilomita tatu na nusu kutoka mlangoni.

Wako walimu wanaoikwepa topiki hii kwa kuogopa kugusa dini. Darasa la baiolojia halina haja ya kumuuliza mtoto anaamini nini, wala kumcheka. Kazi ya mwalimu ni kuweka ushahidi mezani, mzizi, kamba na bakuli, na kuueleza kwa usahihi na kwa heshima. Wazazi wa huku ni wasikivu wakielezwa mapema.

Ombi langu kwa maofisa elimu wa wilaya na wakuu wa shule ni kipande cha ardhi cha mita 3 kwa 3 na robo kilo ya kunde za kila rangi, zitakazotosha makopo na zinazobaki zipandwe. Zipandwe katikati ya Februari, mistari ikiachana sentimita 50 na mashimo sentimita 20, zisiwekewe urea wala samadi nyingi, kwa sababu kunde iliyopata naitrojeni ya kutosha kwenye udongo haikaribishi bakteria na vinundu vitakuwa haba. Mvua ikitukubalia, mizizi ya kukatwa itakuwa tayari mwishoni mwa Machi.

Mwalimu wa baiolojia,
Nachingwea, Lindi